Kisogo cha mtoto kikibapa, angalieni shingo kwanza

Miezi ya karibuni sanduku la maoni la hospitali yetu limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana. Mama analeta mtoto wa miezi minane, kisogo kimebapa upande wa kulia, sikio la upande huo limesogea mbele kuliko mwenzake. Anaelezwa kwamba mazoezi yataanza lakini muda mzuri umeshapita, naye anaandika kuwa "fiziotherapia wamekataa kumnyoosha mtoto kichwa." Hatukukataa. Kichwa hakinyooshwi. Kinachonyooshwa ni shingo, na wengi wa watoto hawa wangeweza kuonwa siku ileile waliyoletwa kwa chanjo ya wiki ya 6, korido moja tu kutoka kwetu fiziotherapia, tunakotibu viungo kwa mazoezi.

Msuli unaohusika unaanzia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, unashuka kwa mshazari hadi juu ya kidari na kwenye mtulinga. Vitabuni unaitwa sternokleidomastoidi, jina ambalo mzazi hana haja nalo. Ukikaza wa kushoto, kichwa kinaegemea bega la kushoto na kidevu kinageukia kulia. Mtoto huyo akilazwa, kisogo chake kinatua mahali palepale usiku na mchana. Fuvu la miezi ya kwanza ni laini na linakua haraka, hivyo linakua kuelekea kule lisikobanwa: sehemu iliyolaliwa inabapa, paji la uso la upande huohuo linatokeza, sikio linasukumwa mbele. Kuna wengine ambao kwao huanza kisogo. Shingo ilikuwa nzima, mtoto akazoea kuangalia dirishani au aliko mama yake, wiki zikapita, msuli ukafupika kwa kukosa kuvutwa.

Watoto waliobanwa tumboni hupata zaidi: mapacha, wa uzazi wa kwanza, waliotanguliza makalio. Uchungu mgumu nao umo. Lakini naomba wazazi waache kuja na hukumu iliyokwisha kuandikwa kwamba "mkunga alimvuta." Tunawaona pia waliozaliwa kwa upasuaji ambao hakuna aliyewavuta shingo.

Wiki iliyopita aliingia mama mmoja na mkwewe, mtoto ana wiki 9. Lililomleta mama si kichwa. "Anakataa ziwa la kulia, akiwekwa analia tu." Nilipomvua mtoto kofia, nywele za kisogo upande wa kulia zilikuwa zimenyonyoka kwa kusugua shuka. Nilipoinua kidevu, kwenye mkunjo wa shingo upande wa kushoto ngozi ilikuwa nyekundu, ina unyevu na harufu ya maziwa yaliyochacha, kwa sababu pale maji ya kuogea hayafiki. Vidole vikakuta kivimbe kigumu ndani ya msuli, ukubwa wa punje ya korosho. Kivimbe hicho huonekana katika wiki za mwanzo na mara nyingi huyeyuka chenyewe ndani ya miezi michache, ila lazima mtaalamu akishike athibitishe kuwa ndicho. Mpaka hapo hakuna kipimo cha mashine kilichotumika. Ziwa, nywele, mkunjo wa shingo: vyote mama alikuwa ameviona, ila hakuna aliyemuuliza.

Bibi naye alikuwa na lake. Kila jioni alikanda kichwa kwa kitambaa cha maji ya moto na mafuta ya nazi, akibonyeza paji lililotokeza lirudi ndani. Nia yake ilikuwa njema na mikono yake ni laini, lakini fuvu si udongo wa mfinyanzi. Kulibonyeza hakurudishi kitu, na utosi si mahali pa kukandamizwa. Nikamwomba mikono hiyohiyo aihamishie shingoni, nikamwelekeza. Alishika kazi haraka kuliko mimi nilivyoishika chuoni.

Zoezi lenyewe, kwa mtoto aliyekaza kushoto, ni hivi. Mlaze chali juu ya mapaja yako. Kiganja kimoja kikalie bega la kushoto lisinyanyuke, kingine kishike kichwa kwa ubavuni. Geuza uso polepole uelekee bega la kushoto, ukifika panapogoma usilazimishe, tulia hapo ukihesabu hadi 30, kisha achia. Halafu, uso ukitazama juu, shusha sikio la kulia lifuate bega la kulia, hesabu vilevile. Mara tatu tatu, kila unapobadilisha nepi, maana nepi ndiyo saa isiyosahaulika. Akilia kwa nguvu au akibadilika rangi, acha. Aliyekaza kulia, maelekezo yote yanageuzwa, na hapo ndipo watu wanapokosea: hukariri picha ya mtoto wa jirani. Ndiyo maana nasisitiza zoezi lionyeshwe kwanza na mtaalamu. Tena mtoto mwenye mkono usiochezeka vizuri tangu azaliwe asinyooshwe shingo kabla hajapimwa, kwa kuwa mtulinga unaweza kuwa umevunjika au mishipa ya fahamu ya mkono imejeruhiwa.

Kazi kubwa zaidi inafanyika kitandani na mkekani. Ndani ya arobaini mtoto hushinda kitandani, mara nyingi kitanda kimegusa ukuta, na uhai wote wa chumba uko upande mmoja: mama, mlango, mwanga. Badilisheni. Leo kichwa kiwe huku, kesho kiwe kule kulikokuwa miguu, ili akitaka kumwona mama alazimike kugeuza shingo ile iliyo ngumu. Mwiteni, mpeni ziwa, mwonyesheni funguo kutoka upande asioupenda. Akiwa macho na mtu yuko naye, alazwe kifudifudi, hata dakika mbili tatu kwa kuanzia, kifuani kwa baba ikibidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 za namna hiyo kwa siku, zikigawanywa. Mwongozo huohuo unasema asikae amefungwa sehemu moja zaidi ya saa 1 mfululizo, iwe kwenye kigari cha kusukuma au mgongoni. Mbeleko ni rafiki wa kisogo kwa mtoto anayeweza kushikilia kichwa chake mwenyewe, lakini si ya kutwa nzima.

Usingizini abaki chali. Hili sitalizungushia maneno, kwa sababu wapo wanaosoma makala kama hii na usiku uleule wanamgeuza mtoto kifudifudi "kichwa kikae sawa." Madaktari wa watoto wa Marekani walianza kushauri watoto wasilazwe kifudifudi mwaka 1992, kampeni ya taifa ikafuata 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Visogo bapa viliongezeka, ni kweli. Kisogo bapa hakiui, wala hakibani ubongo.

Kuhusu mito yenye tundu katikati inayouzwa mitandaoni: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2022 isitumike, kwa hatari ya mtoto kukosa hewa. Kofia ngumu za kurekebisha fuvu nazo tunaulizwa kila wiki. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2014 ulilinganisha watoto waliovalishwa kofia hizo na ambao hawakuvalishwa, wote wakiwa na fuvu lililobapa kiasi au sana, na tofauti ya maana haikuonekana. Kumbukeni pia kwamba kifaa tiba kinapaswa kusajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, kabla ya kuuzwa nchini. Kuuza kisichosajiliwa ni kosa linaloweza kumpeleka mtu mahakamani, pamoja na anayekitangaza kwenye simu kutoka sebuleni kwake. Na mganga anayetibu watoto kwa tiba asili anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Muombeni cheti. Akikasirika, jibu mmelipata.

Yapo yasiyosubiri miadi yangu. Kichwa kinachokua haraka kupita kawaida ya umri wake, utosi uliovimba, macho yanayoangalia chini muda wote: huyo aende kwa daktari siku hiyohiyo, inaweza kuwa maji kichwani. Ukipapasa tuta gumu kwenye mshono wa fuvu, pale mifupa ya kichwa inapokutana, au umbo linazidi kuharibika licha ya kumbadilishia ulalo, huenda mishono imefunga mapema, na hilo ni la daktari wa upasuaji, mazoezi hayalifungui. Shingo iliyopinda ghafla pamoja na homa ni dharura. Na kila mwenye shingo iliyokaza tunaomba nyonga zake zikaguliwe, kwa sababu matatizo haya mawili hupenda kuandamana. Mzazi asishangae akija kwa shingo akaona mapaja yanafunguliwa.

Sasa utaratibu, ambao ndio chanzo cha nusu ya malalamiko. Anayetoka zahanati au kituo cha afya aje na fomu ya rufaa yenye mhuri, tarehe na jina la aliyeandika. Fomu isiyo na mhuri mapokezi hawaipokei, na si kwamba wanawachukia. Aliyezaliwa hapa hahitaji fomu, anapitia kliniki ya mama na mtoto, anaandikiwa, anakuja dirisha letu kabla ya saa 4 asubuhi. Kadi ya kliniki ni lazima, asilia, si picha kwenye simu, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha umri, na umri ndio unaomwingiza mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye msamaha wa gharama. Mwenye bima aje na kadi ya mtoto, si ya baba. Miadi ni kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu kila wiki mbili. Asiyefika mara mbili mfululizo bila taarifa, jina lake linaondolewa kwenye orodha na ataanza upya mapokezi. Mtoto aliyeletwa kabla ya mwezi mmoja mara nyingi hamalizi miezi mitatu nasi. Aliyeletwa baada ya miezi sita huchukua muda mrefu, na kisogo kinaweza kubaki na kasoro kidogo hata shingo ikipona. Mara nyingi nywele huificha.

Siku ya kuja, mnyonyesheni kama saa moja kabla, asiwe na njaa wala asiwe ametoka kushiba akatapika tukimgeuza. Njooni na kanga mbili. Na kama mama anarudi kazini, aje na yule anayeshinda na mtoto, awe bibi, shangazi au dada wa kazi, maana nepi kumi za siku zinabadilishwa naye.