Jino kufa maana yake nini

Jumapili iliyopita tulikuwa Umoja kwa mama mkwe, na shemeji yangu akatununulia mahindi ya kuchoma pale stejini, yale ya kupakwa ndimu na pilipili. Nikamwangalia anavyokula. Kila alipotaka kuuma, gunzi lilihamia kushoto. Alipocheka nikaona jino la juu upande wa kulia, lile alilozibwa miaka mitatu nyuma. Limekuwa na rangi ya majivu. Nikamuuliza.

"Ah, shem, hilo lilikufa kitambo. Halina shida."

Halina shida, na mahindi yanalikwepa! Mimi hukaa mapokezi katika kliniki ya meno, na sentensi hiyo huisikia karibu kila wiki, kwa lafudhi zote za Nairobi.

Jino kufa ni hivi. Ndani ya jino, chini ya enameli, lile gamba gumu la nje, na dentini, tabaka linalolifuata, mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kuoza kukifika huko, au jino likipata ufa au likigongwa vibaya, kiini huweza kuvimba, kikakosa damu, kikafa. Maana ni hiyo tu.

Tatizo ni hilo neno "kufa", ambalo sisi hulitumia bila uchoyo. Gari hufa Jogoo Road, watu wakalisukuma, likanguruma. Simu hufa ikachajiwa. Mtu hufa njaa saa saba na saa nane unamkuta anachokonoa meno kibandani. Mguu hufa ganzi ukikaa kiti cha nyuma cha matatu, ukishuka ukatembea hatua kumi, umefufuka. Kwa hiyo mtu akisikia jino limekufa, sikio lake linapokea kwamba limezima, limetulia, halidai kitu.

Na hiyo ganzi nayo ina mambo yake. Kula embe bichi uone: meno yanashikwa na ganzi, yaani yanasikia kupita kiasi, hata upepo unayachoma. Kisha nenda kwa daktari akudunge sindano ya ganzi: hayasikii hata akiyachimba. Neno ni moja, hali mbili zinazopingana. Mtu akinipigia simu kusema jino lake lililozibwa "lina ganzi", lazima nimuulize, ni ganzi ya embe au ya sindano? Ya embe, siku chache baada ya kuzibwa, mara nyingi ni kiini kilicho hai kinachonung'unika kwa kusumbuliwa, na hutulia chenyewe. Ya sindano, miezi au miaka baadaye, bila sindano yoyote, hiyo namwandikia siku ya karibu.

Lakini kinachonichosha zaidi ni watu kuchanganya jino lililokufa na jino lililouawa. Wengi husema "daktari aliniua jino", wakimaanisha ile kazi ya kusafisha mizizi. Hapo daktari ametoa kiini, amepitisha visindano vyembamba kwenye mifereji ya mizizi, ameisafisha, ameijaza na kuifunga. Hakuna mabaki yaliyoachwa kuoza. Jino lililokufa lenyewe ni msiba ambao hakuna aliyezika. Maiti imo ndani, mlango umefungwa kwa kizibo, na bakteria wanakula taratibu wakishuka hadi ncha ya mzizi, kisha wanatokea kwenye mfupa wa taya. Jino lenyewe halisikii tena barafu wala chai ya moto. Mfupa na kano zinazolishikilia zinasikia. Ndiyo maana anayekuambia jino lake limekufa ndiye huyo huyo anayetafunia upande mmoja.

Nilipombana, shemeji alikumbuka kwamba mwaka jana alilala usiku mbili ameshika shavu, siku ya tatu maumivu yakakata ghafla, akamshukuru Mungu. Inawezekana hiyo ndiyo siku mishipa ilipoacha kupeleka habari. Wengine baadaye huota kijipu kwenye ufizi, kikapasuka, wakaonja chumvichumvi ya usaha, maumivu yakapungua, wakahesabu kuwa wamepona mara ya pili.

Rangi nayo isikudanganye. Kijivu cha jino lililokufa hutokana na damu na uchafu wa kiini kupenya kwenye vijitundu vya dentini. Ila kizibo cha zamani cha zebaki, kilichochanganywa na fedha, bati na shaba, hupaka jino kijivu vilevile, na jino likawa hai kabisa. Mstari wa kahawia kuzunguka kizibo cheupe unaweza kuwa chai tu, au kuoza upya kulikojificha ukingoni. Na kuna wanaoniambia "ni maji ya kwetu", hasa wa Nakuru na Naivasha. Kweli, madini ya floridi yakizidi kwenye maji hutia meno madoa ya kahawia, hata hapa Nairobi wapo wanaokunywa maji ya visima vya aina hiyo. Lakini floridi huharibu meno yakiwa bado yanajengeka utotoni, na hushika mengi kwa pamoja. Haimsubiri mtu mzima ikachagua jino moja lililozibwa.

La shemeji lilizibwa kwa dawa nyeupe, si zebaki. Sikumwambia lina nini, si kazi yangu. Daktari ataligusa kwa kitu baridi, ataligonga, atapiga eksirei aone ncha ya mzizi.

Nilimwambia hivi tu: Shem, ukipiga simu kesho usiseme jino lilikufa, mtu wa mapokezi atadhani unasimulia habari za zamani. Sema jino ulilozibwa limebadilika rangi, na ukiliumia mahindi linauma.