Wazo la habari ni nini

Wazo la habari ni ujumbe mfupi ambao mkaaji wa mji anampelekea mwandishi wa redio ya mtaani kumjulisha jambo linalostahili kufuatiliwa. Si tangazo, wala si habari yenyewe. Habari itakuja mwandishi akishafika, akaona, akauliza na kusikia upande wa pili.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi huchanganya wazo na mada. «Uchafu katika komuni ya Kadutu» ni mada. Kila mwandishi anaijua na hatainuka kitini kwa ajili yake. Lakini akiandikiwa hivi: «Tangu mvua ya juzi chupa za plastiki zimeziba mfereji wa avenyu yetu, maji yanaingia katika nyumba za chini. Mama wauza samaki wamehama. Chifu wa avenyu yuko tayari kusema, na Jumamosi asubuhi tunafanya salongo», yaani kazi ya pamoja ya usafi, hilo ni wazo. Mahali papo, watu wapo, kilichobadilika kinaonekana, na siku ya kufika inajulikana. Tena lina mkia mrefu: takataka za mjini hushuka hadi Ziwa Kivu, na plastiki inayoelea huko imeshawahi kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I hadi umeme ukakatika. Mwandishi makini ataiona kazi ya juma zima hapo.

Ujumbe wa WhatsApp unatosha, wa mistari mitano hivi. Sauti ya dakika saba ikianza na salamu za ukoo mzima, haisikilizwi hadi mwisho. Tenga ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa. Kama anayelalamika ni shemeji yako, sema mapema, maana itajulikana tu.

Pesa? Wazo halilipiwi. Coupage, yaani pesa anayopewa mwandishi ili atangaze habari, imezoeleka, najua, lakini ukishamlipa mwandishi umenunua tangazo, na wasikilizaji wa Bukavu wanalisikia hilo haraka kuliko tunavyodhani.

Jambo la majina lisichezewe. Asiyetaka kutajwa redioni amwambie mwandishi kabla ya mikrofoni kuwashwa, na wewe usitume namba yake ya simu bila ruhusa yake.

Mwandishi akikaa kimya siku mbili tatu, mkumbushe mara moja. Akizidi kunyamaza, peleka kwa redio nyingine, ila mjulishe, wasije wakakutana wawili kwenye mfereji mmoja.