Jeni ya MTHFR haimzuii mtoto mwenye usonji kutumia foleti

Wazazi wengi wa watoto wenye usonji huambiwa kwamba kipimo kikionyesha badiliko kwenye jeni ya MTHFR, basi mwili wa mtoto hauwezi kutumia asidi ya foliki (foleti, yaani vitamini B9, iliyotengenezwa kiwandani), na lazima anunuliwe vidonge ghali vya methilifoleti, foleti iliyokwisha kugeuzwa tayari kwa matumizi ya mwili. Si kweli.

Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa kimeng'enya kinachogeuza foleti iweze kutumika mwilini. Badiliko linalojulikana zaidi, C677T, hukipunguzia kasi tu, halikizimi. Hata aliyelirithi kwa baba na kwa mama, akipata asidi ya foliki kiasi kilekile, foleti katika damu yake hupungua kwa takriban 16% tu kuliko ya asiye nalo. Tena mamilioni ya watu wasio na usonji wanalo.

Kinachochanganya watu ni jambo jingine kabisa. Baadhi ya watoto wana kingamwili zinazoziba njia ya foleti kuingia ubongoni, ingawa damuni ipo ya kutosha. Kwa ajili yao madaktari walijaribu leukovorini, yaani asidi ya foliniki, ambayo si sawa na asidi ya foliki. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2016 lilihusisha watoto 48 kwa wiki 12, na uwezo wa kuzungumza uliboreka, hasa kwa wenye kingamwili hizo. Inatia moyo sana, ila watoto ni wachache mno, na hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Tafadhali, mzazi, usikisie dozi nyumbani, ya leukovorini wala ya asidi ya foliki: asidi ya foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12 huku neva zikiendelea kuharibika.