Nimonia wodini: dozi ya kwanza ya antibayotiki iingie lini?

Mgonjwa wa nimonia akishalazwa, ndugu wengi wanatulia wakiona tu daktari kaandika dawa. Hapo ndo nataka tuelewane, kwa sababu dawa iliyoandikwa kwenye faili bado haijamtibu mtu. Kinachohesabika ni dakika ile dawa inapoingia mshipani, au inapomezwa kwa yule ambaye hali yake inaruhusu kumeza, na kati ya kuandikwa na kuingia kuna safari ndefu ambayo watu hawaioni: faili linasubiri mezani, kuna malipo au kuhakiki bima, kuna mtu wa kutuma dirisha la famasi, unga wa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, unatakiwa uchanganywe na maji ya sindano, kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa mshipani, iwekwe kwenye mkono wa mzee ambaye mishipa imejificha kwa kukosa maji mwilini, na nesi ni huyo huyo mmoja anaitwa na wodi nzima. Masaa mawili matatu yanakatika hapo na hakuna hata mmoja aliyekaa bure.

Nimonia, wengine mnaita homa ya mapafu, wazee wanasema kichomi, ni maambukizi yanayofanya vile vifuko vidogo vya hewa kwenye mapafu vijae usaha na majimaji, kwa hiyo mtu anavuta hewa lakini oksijeni haipiti vizuri kuingia kwenye damu. Bakteria anayeongoza kwa kusababisha anaitwa pneumokoki. Virusi nao wanasababisha, na kweli antibayotiki haiui virusi, ila yale masaa ya mwanzo mara nyingi hatuna kipimo cha uhakika cha kututenganishia, ndo maana mtu mzima aliyelazwa na nimonia tunamwanzishia dawa halafu majibu yakija tunarekebisha.

Sasa swali la haraka kiasi gani limebishaniwa sana na madaktari wenyewe, na kisa cha Marekani kinafundisha kuliko vyote. Mwaka 1997 watafiti wa kule walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 14,000 wenye miaka 65 na kuendelea waliolazwa na nimonia, wakaona wale waliopata antibayotiki ndani ya masaa 8 tangu wafike hospitali waliokufa ndani ya siku 30 ni wachache zaidi. Mwaka 2004 ukatoka utafiti mwingine, wagonjwa 13,771 wa umri huo huo ambao hawakuwa wameanza antibayotiki kabla ya kufika, safari hii mstari ukachorwa kwenye masaa 4, na waliowahiwa walikufa asilimia 11.6 ndani ya siku 30, waliocheleweshwa asilimia 12.7. Tofauti inaonekana ndogo lakini ukiizidisha kwa maelfu ya wanaolazwa kila mwaka hao ni wazazi wa watu. Basi masaa 4 yakageuka kipimo cha ubora, hospitali zikawa zinapimwa nacho na matokeo yanatangazwa hadharani.

Kilichofuata kinasikitisha. Madaktari wa idara za dharura, saa inawakimbiza, wakaanza kutoa antibayotiki kwa mtu yeyote anayekohoa na kuhema kabla hata picha ya kifua haijasomwa, na ndani yao wamo ambao shida yao ni moyo kushindwa kusukuma damu mpaka maji yanajaa mapafuni, wamo wenye pumu, wamo wenye damu iliyoganda kwenye mapafu. Hospitali zilizojichunguza zikakuta wanaopewa jina la nimonia mapokezi na baadaye kuonekana hawana nimonia wameongezeka. Kikomo kikasogezwa masaa 6, mwishowe kikaondolewa kabisa, na mwongozo wa 2007 wa vyama vya madaktari wa vifua na wa maambukizi wa kule haukutaja masaa, ulisema tu dozi ya kwanza itolewe mgonjwa akiwa bado idara ya dharura. Uingereza wao masaa 4 wameendelea nayo, lakini wanataka ndani ya hayo hayo masaa 4 na eksirei iwe imepigwa na ugonjwa uwe umethibitishwa, na mimi hii naiona ya busara zaidi kwa sababu inaibana hospitali iharakishe vipimo vyake badala ya kumbana daktari abahatishe.

Na kuna jambo lingine kwenye zile namba. Waliocheleweshewa dawa mara nyingi walikuwa wazee waliofika bila homa, bila kikohozi cha maana, wamechanganyikiwa tu, hawali, wameanguka chooni, yaani nimonia imejificha. Mgonjwa wa namna hiyo anachelewa kutambuliwa na pia udhaifu wake peke yake unamweka kwenye hatari ya kufa, kwa hiyo huwezi kusema vifo vyote vile vililetwa na kuchelewa kwa sindano. Ila kwa nyinyi mnaokaa na wazee nyumbani fundisho lipo: bibi wa miaka 75 ameanza ghafla kuongea vitu visivyoeleweka na anahema haraka, usisubiri homa ndo umpeleke.

Kuna kundi ambalo halina mjadala, hao ni wale ambao maambukizi yameshaanza kuangusha viungo vingine, tunaita sepsisi, na hasa presha ikishashuka. Utafiti wa 2006 wa wagonjwa zaidi ya 2,700 waliokuwa kwenye hali hiyo ulionyesha waliopewa antibayotiki sahihi ndani ya saa ya kwanza tangu presha ianguke walipona kama asilimia 80, na ndani ya masaa 6 ya mwanzo kila saa iliyopotea ilipunguza nafasi ya kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Kwa hiyo miongozo ya kimataifa ya sepsisi inasema mwenye presha iliyoanguka apate dawa ndani ya saa 1, na yule ambaye presha iko sawa na bado tunajiuliza kama kweli ni maambukizi tuna mpaka masaa 3 ya kumchunguza kwa haraka, tukiendelea kuwaza ni maambukizi basi aanze. Mimi nasimama hapo hapo: mgonjwa mahututi dakika zinahesabika, asiye mahututi dakika ishirini za kupiga eksirei na kumsikiliza vizuri hazimuui, ila kumuacha kwenye benchi toka asubuhi mpaka jioni kwa sababu "hali yake siyo mbaya sana" hiyo haikubaliki popote.

Tunajuaje nani ni mahututi? Kwa mtu mzima tunaangalia vitu vitano: kuchanganyikiwa, urea (taka ambayo figo hutoa mwilini) kwenye damu kuzidi 7 mmol/L, kuhema mara 30 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha kuwa chini ya 90 au namba ya chini kuwa 60 kushuka, na umri wa miaka 65 kwenda juu. Kila kimoja pointi moja, zikifika tatu hiyo ni nimonia kali. Kituo kisicho na maabara ya urea kinatumia vile vinne vilivyobaki na bado kinapata picha. Hata wewe nyumbani hiyo ya kuhema unaweza, shika simu yenye saa, mwangalie kifua kinavyopanda na kushuka dakika nzima bila kumwambia unamhesabu maana akijua anabadilisha pumzi. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11 ni pumzi 50 au zaidi, wa mwaka 1 mpaka 5 ni 40 au zaidi, na kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa au akishindwa kunyonya usihangaike kuhesabu, beba mtoto uje. Na oksijeni nayo jamani isisubiri foleni ya dawa, kile kidude cha kubana kidoleni kikionyesha chini ya 90 oksijeni inaanza papo hapo.

Huku kwetu ugumu mwingine ni TB. Inakohoza, inaleta homa, kwenye eksirei inaweza kufanana na nimonia, na kuna antibayotiki kama levofloksasini ambazo zinampunguzia mgonjwa wa TB makali kwa siku kadhaa, anajisikia nafuu, anaruhusiwa, kumbe ugonjwa uko pale pale na kipimo kimecheleweshwa na nyumbani anaambukiza wengine. Ndo maana utatuona tunaomba makohozi mapema, na kwa mgonjwa mkali tunachukua damu ya kuotesha vimelea kabla ya dozi ya kwanza, inachukua dakika chache tu, lakini damu ikisumbua kupatikana kwa mgonjwa mahututi dawa haisubiri.

Ukiniuliza muda mwingi zaidi unapotelea wapi nitakwambia kabla ya geti la hospitali. Mtu ameanza kukohoa Jumatatu, Jumanne kanunuliwa vidonge vinne vya amoksilini dukani kwa sababu hela iliyokuwepo ndo ilitosha hivyo, Alhamisi kaongezewa vya rangi mbili vilivyobaki kwa jirani, Jumamosi usiku ndo anakuja amebebwa. Hapo sisi tukimpa sindano ndani ya nusu saa bado amechelewa siku kadhaa. Na tafadhali mkifika semeni ukweli alichotumia, njoo na boksi au hata kile kikaratasi cha vidonge, hatuulizi ili tukugombeze, tunauliza kwa sababu inabadilisha dawa tutakayochagua. Semeni pia aleji, na siyo jina la dawa tu, eleza kilitokea nini, maana kuharisha baada ya penisilini siyo sawa na kuvimba midomo na kushindwa kupumua.

Akishalazwa unayo haki ya kuuliza kwa heshima: "Nesi, dozi ya kwanza ameshapata? Saa ngapi?" Swali hilo halimuudhi muuguzi anayejua kazi yake, na mara nyingine ndo linaibua kwamba dawa imekwama famasi. Uliza na ya pili, kwa sababu dozi ya pili inasahaulika hasa mgonjwa akihamishwa kutoka dharura kwenda wodini, huku wanadhani kule wametoa na kule wanadhani huku wametoa. Seftriaksoni kawaida ni mara moja kwa siku, lakini ampisilini ni kila baada ya masaa 6 ikiwemo usiku wa manane, ukiruka moja kiwango chake kwenye damu kinashuka na bakteria wanapata nafasi ya kuzaliana tena.

Baada ya hapo mpe dawa muda. Homa inaweza kuendelea siku mbili tatu hata kama dawa ni sahihi, kwa hiyo ndugu wanaokuja siku ya pili wanataka "dawa kali zaidi" nawaelewa kabisa hofu yao, ila kama pumzi zinapungua, presha imekaa na ameanza kunywa uji, tunaendelea na ile ile. Akizidi kuwa mbaya hapo hatusubiri siku tatu, tunaangalia upya kama kuna usaha nje ya pafu, kama ni TB, au kama bakteria ni sugu. Akitulia na anaweza kumeza tunamtoa kwenye sindano tunampa vidonge, na hiyo siyo kumpunguzia huduma.

Siku za dawa nazo zimepungua kuliko tulivyozoea zamani. Kwa mtu mzima aliyetulia vizuri siku 5 mara nyingi zinatosha, na utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2021 ulionyesha waliolazwa wodi za kawaida na wakawa wametulia kufikia siku ya 3, walioacha dawa siku hiyo walipona sawa na walioendelea mpaka siku ya 8. Sisemi uache mwenyewe, idadi ya siku anaipanga anayekutibu akikuangalia. Kikohozi na uchovu vinaweza kubaki wiki kadhaa baada ya dawa kuisha na hiyo peke yake siyo sababu ya kurudi dukani kununua antibayotiki nyingine, ila kikohozi kikivuka wiki mbili, au homa ikirudi, au unatoka jasho usiku na kukonda, rudi ukapime TB na uje na karatasi yako ya kuruhusiwa, ile yenye jina la dawa na tarehe zilipoanza na kuisha.