Kuonja divai kwa kificho ni nini? Tuichukue syrah

Kwenye vitendawili, ukishindwa kujibu unadaiwa mji. "Nipe mji," husema mtegaji, nawe unautoa, yeye anautembelea kwa maneno kisha anakufichulia jibu. Kuonja divai kwa kificho ni kitendawili cha namna hiyohiyo, ila hapa mji ndio jibu lenyewe. Unaletewa glasi, chupa hujaiona, na unatakiwa useme kinywaji hiki kimetoka wapi.

Wapo wanaosema "kuonja kwa upofu". Mimi jina hilo silipendi, maana hakuna anayefungwa macho. Rangi ni sehemu ya ushahidi na mwonjaji huitazama kabla hata ya kunusa. Kinachofichwa ni lebo: jina la mtengenezaji, mahali, mwaka na bei. Ndiyo maana nasema kificho.

Sababu ya kuficha ni kwamba lebo hufika ulimini kabla ya divai. Mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilolifanya Bordeaux. Wanafunzi 54 wa masomo ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Hao si walevi wa mtaani, ni watu waliokuwa wakiisomea kazi hiyo. Na mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapa watu divai ileile mara mbili, mara moja wakiambiwa ni ya dola 10 na mara nyingine dola 90. Ya dola 90 ilisifiwa zaidi, na si kwa mdomo tu: picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na raha ikichangamka zaidi. Kumbe hawakuwa wakidanganya. Bei ilikuwa imewaonjea.

Kuna kificho kizima na kificho nusu. Kwenye kificho kizima huambiwi chochote, hata aina ya zabibu. Kwenye kificho nusu unaambiwa, kwa mfano, kwamba glasi zote sita ni za syrah, aina ya zabibu ya divai nyekundu; kazi yako ni kutenganisha zinakotoka. Kwa anayeanza, hiki cha pili kina faida zaidi, kwa sababu zabibu imetulia na kinachobadilika ni mahali na mkono wa mtengenezaji.

Na syrah inaufaa sana mchezo huu kwa kuwa ni zabibu moja yenye majina mawili na tabia zaidi ya mbili. Ufaransa huitwa syrah, Australia huitwa shiraz. Jina la pili liliwafanya watu waamini kwa muda mrefu kwamba ilitoka mji wa Shiraz kule Uajemi. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 1998 vilimaliza ubishi: wazazi wake ni dureza na mondeuse blanche, zabibu mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa. Australia ilifika baadaye sana. James Busby alipeleka huko vipando kutoka Ulaya mwaka 1832, na syrah ilikuwa miongoni mwake.

Sasa tuinue glasi mbili. Ya kwanza ni nyekundu iliyokolea, ila ukiiinamisha juu ya karatasi nyeupe ukingo wake unapitisha mwanga. Ukinusa, tunda haliko mbele. Kinachotangulia ni pilipili manga iliyosagwa sasa hivi, halafu zeituni nyeusi, halafu harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mdomoni uchachu unakufanya umeze mate, na ukakasi umekaa kwenye ufizi kama chai iliyokolea. Kileo hakichomi. Hapo unaanza kuwaza miteremko mikali ya kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa: Côte-Rôtie, Hermitage, Cornas, Saint-Joseph. Ukipata na harufu ya maua juu yake, Côte-Rôtie inazidi kujitokeza, maana sheria za huko zinaruhusu hadi asilimia 20 ya viognier, zabibu nyeupe yenye manukato.

Ya pili ni nyeusi hadi ukingoni. Tunda limeiva karibu kuwa jamu, kuna chokoleti, na nyuma yake vanila na nazi. Nazi hiyo haikutoka shambani, ni zawadi ya pipa la mwaloni wa Kimarekani, pipa ambalo watengenezaji wa Barossa, bonde la divai huko Australia, wamelitumia kwa miaka mingi. Ukimeza, joto linashuka kifuani: kileo kimezidi asilimia 14. Na ukisikia harufu kama ya majani ya mkaratusi, basi Australia hiyo inakuita kwa jina. Mafuta ya miti hiyo hupeperushwa na kutua juu ya zabibu za mashamba ya jirani.

Ningependa turudi kwenye pilipili manga, maana hapo ndipo hadithi inaponoga. Si mafumbo ya washairi wa divai. Ni kemikali halisi iitwayo rotundoni, na wanasayansi wa Australia waliitambua kwenye shiraz na kutangaza matokeo mwaka 2008. Ndiyo hiyohiyo inayoipa pilipili manga harufu yake. Hukaa kwenye ganda la zabibu, na hupatikana kwa wingi zaidi pale zabibu zinapoiva polepole kwenye ubaridi. Ndiyo maana harufu hiyo ni dalili nzuri ya mahali penye baridi. Kiasi kinachotosha kunusika kwenye divai nyekundu ni nanogramu 16 tu kwa lita, yaani sehemu 16 za bilioni ya gramu.

Ila takriban mtu mmoja kati ya watano waliopimwa hakuweza kuinusa kabisa, hata ilipoongezwa maradufu mara nyingi ndani ya maji. Fikiria basi watu watano mezani. Wanne wanasema pilipili, wa tano anaona wanampanga. Si mjinga wala si mchanga kwenye kazi, pua yake haina mlango wa harufu hiyo. Huyo itabidi atafute mji kwa njia nyingine: uchachu, ukakasi, joto la kileo.

Dalili zenyewe pia zina mitego. Australia si Barossa peke yake. Yarra Valley na Canberra zina ubaridi, na shiraz ya huko inaweza kukupeleka Ufaransa mchana kweupe. Hawke's Bay ya New Zealand hufanya vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, kiangazi cha Ulaya cha mwaka 2003 kilikuwa na joto kali, na divai za Rhône za mwaka huo zilitoka nzito zenye tunda lililoiva kupita kawaida. Afrika Kusini imekaa katikati: wengine huandika shiraz kwenye chupa wakimaanisha mtindo wa Kiaustralia, wengine syrah wakimaanisha wa Kifaransa, na mashamba yao huenda ni majirani. Kwa hiyo mwonjaji makini hasemi "hii ni Cornas". Anasema: hii imeiva kwenye baridi, haikulala kwenye pipa jipya, kileo ni cha wastani, basi nadhani kaskazini mwa Rhône. Akikosea, angalau unaona alipopotelea.

Kuhusu maandalizi, kufunika chupa kwa karatasi hakutoshi. Umbo la chupa linasema, shingo inasema, kifuniko cha kuzungusha kinapiga kelele kwamba pengine hii ni Australia au New Zealand. Mimina kila divai kwenye jagi lenye namba. Anayejua siri asiwe ndiye anayehudumu, uso wake utamsaliti. Joto la divai liwe moja, glasi za aina moja, na chombo cha kutemea kiwepo, la sivyo glasi ya sita itaonjwa na mtu mwingine. Mpangilio nao una hila: Barossa ikitangulia, Rhône inayofuata itaonekana maji matupu. Dawa ni kila mtu aanze na namba tofauti.

Ukitaka kujipima kwa ukali zaidi, mwambie mtu akujazie glasi tatu, mbili za divai moja na ya tatu ya nyingine, nawe utaje iliyo peke yake. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia mara kadhaa kabla ya kujisifu.

Na majibu yaandikwe kwa kalamu kabla chupa hazijaletwa mezani. Zikishaletwa, kila mtu atasema alijua.