Je, wajua? Akaunti ya benki ng'ambo pekee haikutoi kwenye kodi ya nyumbani

Chukua Mkenya anayefanya kazi Dubai. Mshahara unaingia benki ya huko, akiba yake iko huko, na mshahara wenyewe haukatwi kodi ya mapato. Desemba anarudi Machakos wiki mbili, analala kwenye nyumba yake, anachinja mbuzi, kisha huyo kazini. Je, mwaka huo ni mkaazi wa Kenya kwa mambo ya kodi?

Kwa maandishi ya sheria, ndiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya inamhesabu kuwa mkaazi mtu yeyote mwenye makazi ya kudumu nchini ambaye amekuwepo kwa muda wowote ule ndani ya mwaka. Tanzania nayo, kwa sheria ya 2004, imeweka kanuni hiyo hiyo. Asiye na makazi ndiye anayehesabiwa siku: 183 ndani ya mwaka, au wastani unaozidi 122 kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Aliyekaa siku 130, kisha 130, kisha 110 hajafikisha 183 hata mara moja, lakini wastani wake ni 123 na ushei. Amenasa. Na mkaazi hutozwa kodi hata kwa mshahara alioupata nje.

Katika vipimo hivyo hakuna mahali panapouliza pesa zako zimelala wapi. Ndiyo maana wanaojitetea kwa taarifa ya benki ya ng'ambo huwa wanajibu swali ambalo hawakuulizwa.

Lakini ziko nchi zinazouliza. Kanada hutazama kwanza nyumba, mwenzi wa ndoa na wanaokutegemea. Halafu vinafuata vifungo vidogo, yaani mambo yanayokuunganisha na nchi, kama akaunti za benki, kadi za mkopo, gari na leseni ya udereva. Kimoja peke yake kwa kawaida hakitoshi, ila vikikusanywa vinaweza kumfanya aliyehama Toronto aonekane hajahama. Hispania ni wakali zaidi: msingi wa shughuli zako za kiuchumi ukiwa kwao, unaweza kuwa mkaazi hata kama hukufikisha siku 183. Ufaransa pia wana kipimo cha kitovu cha maslahi ya kiuchumi, yaani kilipo kitegauchumi chako kikubwa au inapotoka sehemu kubwa ya kipato chako. Uingereza, kinyume chake, ina orodha ya vifungo vya familia, malazi, kazi na siku ulizokaa, na akaunti ya benki haimo kabisa.

Basi inatokea nchi mbili zikamdai mtu mmoja. Kama zina mkataba wa kuzuia utozaji kodi mara mbili, mfano Tanzania na Kanada, kwa kawaida huangaliwa kwanza makazi ya kudumu yako wapi. Yakiwa pande zote mbili, ndipo maslahi ya mtu yanapopimwa: familia, kazi, biashara, mahali anaposimamia mali zake. Hapa ndipo wahasibu wanapopata ugali wao, maana hakuna mzani wa kilo wa kupima watoto wanaosoma Dodoma dhidi ya duka lililoko Ottawa. Nyumba uliyompangisha mtu baki, kwa tafsiri inayofuatwa na wengi, si makazi yako ya kudumu, maana huwezi kuingia utakapo. Hata hivyo, kodi ya serikali kwa pesa za pango lake utadaiwa katika nchi ilipo nyumba.

Tukirudi Ghuba: tangu Machi 2023, Falme za Kiarabu humtambua mwenye kibali cha ukaazi kuwa mkaazi wao wa kodi akikaa siku 90 tu, mradi awe na makazi ya kudumu, ajira au biashara huko. Cheti cha ukaazi wa kodi anachopewa huko kina uzito, ila hakifuti kanuni ya nyumba iliyoko Machakos. Na Oman imeshapitisha kodi ya mapato ya watu binafsi: asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028.