Louisville, Kentucky: Mji wa Muhammad Ali na Dhana Potofu Zinazouzunguka

Mzazi anayemwimbia mwanawe wimbo wa kupongeza siku ya kuzaliwa, awe Mombasa, Bukavu au Muscat, hutumia lahani iliyotungwa katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Wengi huamini kwamba wimbo ule ni wa kale usio na mtunzi. Ukweli ni kwamba lahani yake ilitungwa na Mildred Hill, na mdogo wake Patty, aliyekuwa mwalimu wa shule ya chekechea mjini humo, akaitilia maneno ya kuwasalimu watoto darasani asubuhi. Wimbo huo wa salamu ulichapishwa mwaka 1893, na maneno ya siku ya kuzaliwa yakaja baadaye. Kampuni ya uchapishaji iliendelea kudai malipo ya hakimiliki hadi mwaka 2015, jaji wa mahakama ya shirikisho alipoamua kwamba madai hayo hayakuwa na msingi.

Louisville ni mji wa ukubwa wa kati, wenye wakazi zaidi ya 600,000, kwenye ukingo wa kusini wa mto Ohio. Ulianzishwa mwaka 1778 na George Rogers Clark, ukapewa jina la mfalme Louis XVI kwa kuishukuru Ufaransa iliyowasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru. Si makao makuu ya jimbo, kama wengi wanavyodhani. Makao hayo yako Frankfort, mji mdogo zaidi. Makosa ya namna hiyo ni mepesi na hurekebishwa kwa sentensi moja. Yanayostahili kushughulikiwa kwa makini ni yale yanayofuta watu, kwa maana historia ya Louisville inaposimuliwa kwa haraka hubaki pombe ya bourbon, kuku wa kukaanga na farasi, huku watu Weusi walioujenga mji huo na kuupa sifa wakiachwa pembeni.

Dhana: Kuku wa Kentucky walianzia Louisville

Jambo hili halihitaji maneno mengi. Harland Sanders, mwanzilishi wa kampuni ya KFC, alizaliwa mwaka 1890 karibu na Henryville, katika jimbo jirani la Indiana, na biashara yake ya kuku aliianzia Corbin, mji mdogo wa kusini mashariki mwa Kentucky. Mgahawa wa kwanza kuuza kuku wake kwa mkataba ulikuwa katika jimbo la Utah mwaka 1952. Louisville ilikuja kuwa makao ya kampuni baadaye, na ndiko alikozikwa Sanders mwaka 1980. Cheo chake cha kanali hakikuwa cha kijeshi, bali ni heshima ambayo gavana wa Kentucky huwatunukia raia.

Dhana: Louisville ilimpenda Muhammad Ali tangu mwanzo

Uwanja wa ndege wa mji unaitwa kwa jina la bondia huyo tangu mwaka 2019, kituo cha makumbusho yake kilifunguliwa mwaka 2005, na mazishi yake ya Juni 2016 yalijaza barabara watu waliotupia maua gari lililobeba jeneza. Mtu akiyatazama hayo peke yake atadhani kwamba mapenzi hayo yalikuwapo siku zote.

Ali alizaliwa tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Marcellus Clay kama baba yake, akakulia upande wa magharibi wa mji, walikoishi watu Weusi wengi. Kisa cha baiskeli yake kuibwa mwaka 1954, alipokuwa na miaka 12, ni cha kweli: alikwenda kushtaki kwa polisi aliyeitwa Joe Martin, ambaye alikuwa akifundisha ndondi, na Martin akamwambia ajifunze kupigana kwanza kabla ya kumtisha mwizi. Lakini kisa hicho kinaposimuliwa, mara nyingi Fred Stoner hatajwi. Stoner alikuwa mwalimu Mweusi aliyefundisha vijana katika ukumbi wa kanisa, na Ali mwenyewe alikiri kwamba kwa Stoner ndiko alikojifunza ufundi na ustahimilivu wa ulingoni.

Aliporudi kutoka Roma mwaka 1960 na medali ya dhahabu ya Olimpiki, mji ulimpokea kwa shangwe, na wafanyabiashara 11 wa kizungu wakaunda kikundi cha kumdhamini. Hata hivyo migahawa mingi ya katikati ya mji ilikuwa bado haiwahudumii Weusi, akiwa na medali au bila medali. Hapo ndipo kilipozaliwa kisa maarufu kwamba alikataliwa chakula, akaenda darajani na kuitupa medali katika mto Ohio. Kisa hicho kilitokea katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1975, lakini watu wa karibu naye walieleza baadaye kwamba medali ilipotea tu. Mwaka 1996, wakati wa Olimpiki ya Atlanta, alipewa nyingine. Kutokuwa kweli kwa kisa cha daraja hakuufuti ubaguzi alioupata. Ubaguzi ule ulikuwa wa kila siku, na haukuhitaji kisa kimoja kuuthibitisha.

Alipoingia katika Uislamu na kupinga kupelekwa Vietnam, wakubwa wa jimbo lake walimgeuka. Mwaka 1966 Seneti ya Kentucky ilipitisha azimio la kumlaani, likidai kwamba anawaaibisha watu wa jimbo wenye uzalendo. Mwaka 1967 alikataa kuapishwa jeshini, akanyang'anywa ubingwa, na akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu katika umri ambao bondia huwa na nguvu zake zote, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu yake mwaka 1971. Mwaka 1978, miaka minne baada ya kumwangusha George Foreman pale Kinshasa, pendekezo la kuipa barabara ya Walnut jina lake bado lilizusha mabishano makali katika baraza la mji kabla halijapita.

Jina aliloliacha, Cassius Clay, nalo hueleweka nusu. Ali aliliita jina la mtumwa, na kwa maana ya kwamba ukoo wa Clay miongoni mwa Weusi ulitoka kwa mabwana waliowamiliki, alikuwa sahihi. Lakini Cassius Marcellus Clay wa asili, mzungu aliyeishi kati ya mwaka 1810 na 1903, alizaliwa katika familia yenye watumwa, akawaacha huru watumwa wake, na mwaka 1845 akaanzisha huko Lexington gazeti la kupinga utumwa ambalo mitambo yake ilichukuliwa na genge la wapinzani. Babu yake Ali alipompa mwanawe jina hilo alikuwa akimheshimu mtu huyo. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na msomaji hana sababu ya kulazimishwa kuchagua moja.

Dhana: Mbio za Kentucky Derby zilikuwa za wazungu tangu zamani

Anayetazama picha za siku ya Derby, mbio za farasi zinazofanyika Louisville kila mwaka, wanawake wakiwa na kofia pana na matajiri wakiwa kwenye roshani, atadhani kwamba mtu Mweusi hakuwahi kuwa na nafasi pale isipokuwa ya kuhudumu. Ukweli ni kinyume kabisa. Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 17 Mei 1875, na kati ya wapanda farasi 15 waliokimbia, 13 walikuwa Weusi. Mshindi alikuwa Oliver Lewis, juu ya farasi Aristides, na mwalimu wa farasi huyo alikuwa Ansel Williamson, aliyezaliwa mtumwa. Katika mbio 28 za kwanza, wapanda farasi Weusi walishinda 15. Isaac Murphy alishinda mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda miaka miwili mfululizo, 1901 na 1902, na hadi leo hakuna Mweusi mwingine aliyeshinda.

Wako wanaodai kwamba vijana Weusi waliacha tu mchezo huo kwa kuhamia mijini. Kuhama kulikuwapo, lakini hakutoshi kueleza jinsi mafundi waliotawala mchezo kwa miaka 25 walivyotoweka ndani ya muda mfupi. Mazoea ya kutunza na kupanda farasi yalitoka katika mashamba ya utumwa, na utumwa ulipokwisha watu hao walibaki na ujuzi ambao wengine hawakuwa nao. Mchezo ulipoanza kuleta fedha nyingi, wapanda farasi wa kizungu walishirikiana kuwabana Weusi kwenye uzio na kuwachapa viboko katikati ya mbio, na wenye farasi, wakiogopa wanyama wao kuumizwa, wakaacha kuwaajiri. Sheria za ubaguzi zilizokuwa zikienea nchini zilimaliza kazi iliyobaki. Baada ya mwaka 1921 hakuonekana mpanda farasi Mweusi katika Derby hadi mwaka 2000.

Winkfield alikwenda Urusi, akawa bingwa chini ya utawala wa mfalme. Mapinduzi yalipomfikia Odessa mwaka 1919, yeye na wenzake waliswaga farasi zaidi ya 200 kwa miguu hadi Poland. Kisha akahamia Ufaransa, na huko ndiko alikofariki mwaka 1974. Mwaka 1961 alialikwa Louisville kwenye dhifa ya kuwaenzi washindi wa Derby, na mzee huyo aliyeupa mji huo ushindi mara mbili akazuiwa kwanza mlangoni pa hoteli kwa sababu ya rangi yake. Kwa maoni yangu, hakuna mtu katika historia ya mji huo anayestahili kujulikana zaidi na asiyejulikana kama yeye.

Dhana: Kentucky ilikuwa upande wa Lincoln, kwa hiyo utumwa uliishia mapema

Kentucky haikujitenga katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na Louisville ilikuwa kituo kikubwa cha jeshi la Kaskazini. Kwa sababu hiyo hasa, tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa, la tarehe 1 Januari 1863, halikuigusa, kwa kuwa lilihusu majimbo yaliyoasi tu. Utumwa uliendelea kuwa halali hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoanza kutumika Desemba 1865, na bunge la Kentucky liliyakataa marekebisho hayo, likaja kuyaridhia mwaka 1976.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya mto. Kinachoitwa maporomoko ya Ohio ni maji yaendayo kasi juu ya miamba, yakishuka mita 8 hivi katika umbali wa kilomita tatu, na vyombo vililazimika kushusha mizigo hapo hadi mfereji ulipofunguliwa mwaka 1830. Bandari hiyo ilishughulikia pia biashara ya watu, waliosafirishwa kwa boti hadi Natchez na New Orleans. Ng'ambo ya mto ni Indiana, ambako utumwa ulikatazwa. Mwaka 1831 Thornton na Lucie Blackburn, mume na mke waliokuwa watumwa Louisville, walitoroka wakafika Detroit, na walipokamatwa mwaka 1833 ili warudishwe, watu Weusi wa Detroit waliinuka wakawaokoa. Wawili hao walihamia Toronto, wakaanzisha huduma ya kwanza ya teksi katika mji huo.

Naye York, aliyefuatana na bwana wake William Clark katika safari mashuhuri ya kufika bahari ya Pasifiki na kurudi, kati ya mwaka 1803 na 1806, hakupewa uhuru aliporejea, ingawa aliuomba na alikuwa na mke Louisville. Sanamu yake, iliyochongwa na Ed Hamilton wa mji huo huo, imesimama karibu na mto tangu mwaka 2003.

Dhana: Ubaguzi wa Louisville ulikuwa wa upole

Watu Weusi wa Louisville hawakunyang'anywa kura kama wenzao wa kusini zaidi, na kutokana na hilo mji ulijisifia upole. Sheria zake zasema mengine. Mwaka 1914 baraza lilimkataza Mweusi kuhamia katika eneo la mtaa lenye wazungu wengi. William Warley, kiongozi Mweusi, alipanga kununua kiwanja kutoka kwa Charles Buchanan, mzungu aliyeipinga sheria hiyo, kisha akakataa kulipa kwa hoja kwamba hangeruhusiwa kukaa pale. Buchanan akamshtaki, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1917 majaji wote, akiwamo Louis Brandeis, mzaliwa wa Louisville na Myahudi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo, waliifuta sheria. Ubaguzi wa makazi uliendelea kwa mikataba ya wenye nyumba na kwa nguvu. Mwaka 1954 Carl na Anne Braden, wazungu, walinunua nyumba kwa niaba ya familia ya Kiafrika-Marekani ya Wade katika kitongoji cha Shively. Nyumba ililipuliwa kwa baruti. Hakuna aliyehukumiwa kwa kuilipua, ila Carl Braden alihukumiwa miaka 15 kwa kosa la uchochezi, hukumu iliyotenguliwa baadaye.

Picha maarufu iliyopigwa na Margaret Bourke-White mwaka 1937, inayoonyesha Weusi wakiwa foleni na vikapu na ndoo mbele ya tangazo la familia ya kizungu yenye furaha garini, hutumiwa mara kwa mara kama picha ya wasio na kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Watu wale walikuwa wakazi wa Louisville wakingojea misaada baada ya mafuriko ya Januari, yaliyozamisha sehemu kubwa ya mji.

Dhana: Wageni ni jambo jipya Louisville

Wajerumani na Waairishi walikuwa wengi mjini humo karne ya 19, na tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi, makundi yaliyowachukia wahamiaji Wakatoliki yaliwashambulia na kuwaua watu wasiopungua 22. Katika miaka ya 1990 walifika wakimbizi wengi wa Bosnia, na tangu hapo Wakuba, Wasomali, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Leo Kiswahili husikika katika makanisa na maduka ya mji huo, na shule za umma huwatafsiria wazazi taarifa zake kwa Kiswahili.